Kuku Aliyetangaza Umeme Nafuu

Ubao wenyewe niliununua Rosettenville, hapa Johannesburg, kwenye mgahawa wa Wareno uliokuwa unafungwa. Walikuwa wanauza viti, meza, majiko na masufuria, na juu ya mlango kulikuwa na ubao wa vitaa vyekundu na vya kijani, urefu wake kama mkono wangu, wa kutangazia bei. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kaunta, zile zinazotoa risiti madukani, kwa hiyo nikiona kifaa chenye taa moyo hunilegea. Mwenye mgahawa aliniambia ubao ni mzima, ila ni mkaidi. Nikamwambia nimelelewa na mwanamke wa Tanga, ukaidi naujua tangu tumboni.

Ukaidi wake ulikuwa huu: kila ukiuzima na kuuwasha, au ukikosa intaneti, uliandika neno moja, FRANGO, likiwaka na kuzimika. Frango ni kuku kwa Kireno. Neno hilo lilikuwa limefukiwa ndani kabisa ya ubao, mahali nisipoweza kulifikia, na mpaka leo halijatoka.

Niliununua kwa sababu ya Mama, ingawa Mama angekuambia hakuagiza ubao wowote.

Tunaishi Kensington, kwenye nyumba ya mjane mmoja Mkongo wa Lubumbashi, fundi wa kushona, ninayemwita Maman kama wanavyoitana kwao. Yeye anakaa mbele na cherehani zake, mimi nimepanga vyumba viwili vya nyuma, na katikati kuna jiko tunalotumia wote. Mita ni moja. Na gysa ni moja, yaani lile pipa la darini linalochemsha maji ya kuogea na kula umeme kuliko vitu vyote vya nyumbani vikiunganishwa. Mita yenyewe ni ya aina mpya. Unanunua umeme kwanza, halafu mita inaukata kufuata saa: saa nyingine nafuu, nyingine kawaida, nyingine ghali, na wakati wa baridi ghali yake ni ghali kweli. Asubuhi watu wakiamka, ghali. Jioni watu wakirudi, ghali. Jumamosi na Jumapili, nafuu karibu muda wote. Ni bei inayokuvizia, ikikuona unataka kuoga inapanda.

Mama alikuja baridi ilipokuwa inaanza. Mama yangu anaoga mara mbili kwa siku na anatia udhu mara tano, na Johannesburg mwezi wa sita si mahali pa kutia udhu na maji ya bomba. Basi gysa ilikuwa inanguruma kutwa. Haikupita wiki, mwenye nyumba akanivuta pembeni uani.

"Mwana," aliniambia, "mama yako iko samaki?"

Mama naye alikuwa na yake. Usiku akaniuliza yule mwanamke anaongea Kiswahili gani, maana kila neno amelivalisha koti. Nikamwambia ni Kiswahili cha kwao. Akasema sawa, kwao kumbe nako kuna baridi.

Mambo hayo yangekuwa ya kuchekesha tu kama nisingekuwa na langu moyoni. Nilitaka Mama abaki. Baba alipofariki karatasi zangu zilikuwa zimekaliwa ofisini, sikuweza kutoka nchi hii na kurudi, akazikwa mimi nikiwa nimekaa kitandani hapa nasikiliza mazishi kwa simu. Sikutaka tena kusikiliza wazazi wangu kwa simu. Kibali cha Mama cha kukaa kilikuwa kimepatikana. Tikiti yake ya kurudi ilikuwa ya mwisho wa baridi, na kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka. Nilipomuuliza alisema atafikiri. Mama akisema atafikiri, mara nyingi ameshamaliza.

Na dalili hazikuwa nzuri. Tanga aliiita "kwetu," na Johannesburg "huku kwenu." Huku kwenu jua lina rangi tu, moto halina. Huku kwenu samaki wana barafu masikioni. Saa yake ya mkononi hakuirudisha nyuma, ikabaki na saa ya Tanga, lisaa limoja mbele yetu. Nilipojitolea kumrekebishia alificha mkono ndani ya kanga. Alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye hajaona jembe wala shamba, hivyo bado ni mgeni.

Nikaona dawa ni ubao. Nitaufunga jikoni, utasema NAFUU kwa kijani, KAWAIDA kwa rangi ya chungwa, GHALI kwa nyekundu. Mama ataoga kukiwa kijani, mwenye nyumba atapiga pasi kukiwa kijani, na hakuna atakayemwita mwenzake samaki. Saa zenyewe sikuziandika, maana ningeandika saa ya nani?

Kosa la kwanza lilitokea kabla sijashuka kwenye kiti. Waya wa ubao ulitoka upande ambao hapakuwa na soketi, nikaugeuza juu chini, halafu nikayageuza maneno ndani ya programu ili yasimame tena. Yakasimama, lakini yakawa kama ya kwenye kioo. Herufi zote ziliangalia nyuma na neno likaanzia kulia. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akasema macho yake yamechoka na sindano. Mama alikuwa anachambua mchele. Alinyanyua kichwa mara moja.

"Ghali," akasema, akaendelea na mchele.

Tukamwangalia.

"Kwani lina kosa gani?" akauliza. "Si linaanza kulia?"

Mama amesoma msahafu maisha yake yote. Neno linaloanza kulia kwake ndilo lililonyooka, na herufi kuangalia nyuma aliona ni ulemavu wao wenyewe. Kwa siku kadhaa alikuwa mtu pekee nyumbani anayeweza kusoma bei ya umeme, na alianza kuufurahia ubao kidogo. Mwenye nyumba ilibidi amuulize kila alipotaka kupiga pasi: "Mama mukubwa, inasema nini?" Mama alijibu kwa madaha, kama karani wa mahakama. Nilipoyarekebisha maneno yakaanzia kushoto, alisema nimeharibu.

Jina la Kuku lilikuja wakati huo. Intaneti ilikatika, FRANGO ikaanza kuwaka na kuzima, na Mama akauliza Frango ni bei gani hiyo. Nikamwambia ni kuku. Akaniangalia kwa ule uangalifu wa mzazi aliyelipa ada miaka mingi. Tangu hapo ubao ukaitwa Kuku. "Kuku anasemaje?" "Kuku anasema kawaida." Mwenye nyumba akasema "ile kuku yako," na sisi tukasema "huyu Kuku," na mimi nikawa mtu mwenye akili zake timamu ninayepanda kiti kila jioni kumtengeneza kuku.

Kosa la pili lilikuwa la kuona. Mwanzoni maneno yalikuwa yanapita mbio kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama kwa Wareno, na Mama akasema yanamtia kizunguzungu. Nikayasimamisha. Ila nilisahau kumwambia Kuku afute neno la zamani kabla ya kuandika jipya. KAWAIDA ni neno refu, GHALI ni fupi. Bei ilipopanda, GHALI ikakaa juu ya KAWAIDA na mkia ukabaki nje, ikasomeka GHALIDA. Iliposhuka ikasomeka NAFUUDA. Nilirudi kazini nikakuta wanawake wawili wamekaa chini ya ubao wanabishana.

"Ghalida njo nani?" mwenye nyumba akaniuliza. "Na Nafuuda? Bibi zako?"

Mama alisema kama ni mapacha, basi Nafuuda ndiye atakayeolewa kwanza. Walicheka pamoja, mara ya kwanza, na mimi nilikuwa radhi kuliacha kosa lile lilivyo. Nililirekebisha baadaye kwa shingo upande.

Kosa la tatu lilinipa aibu. Kuku alikuwa anapandisha bei lisaa limoja kabla ya mita. Nilikagua intaneti, nikakagua waya, nikaitukana mita yenyewe. Siku mbili nilimsema Mama kwa ile saa yake ya mkononi, kwamba mtu huwezi kuishi mji huu na saa ya mji mwingine, dunia haiendi hivyo. Mwisho nikafungua kompyuta ninayoandikia programu, nikatazama saa yake. Ilikuwa ya Tanga. Nilikuja nayo kutoka kwetu miaka ile na sikuwahi kuibadilisha, kila siku nilikuwa napunguza lisaa kichwani bila kujua kama napunguza. Kuku alikuwa ameirithi. Sikumwambia Mama. Nilirekebisha kimyakimya na kuanzia siku ile sikuitaja tena saa ya mtu.

Hapo tukawa na amani. Maji ya moto yalikuwepo kwa wakati wake, Mama alijifunza kuchemsha ya udhu kwenye gesi wakati wa nyekundu, na mwenye nyumba akamwazima koti lake zito, ambalo Mama alilivaa juu ya kanga mbili na sweta mpaka akawa hawezi kushusha mikono. Kama ningeishia hapo ningekuwa fundi mzuri.

Lakini jioni moja nilimkuta Mama amekaa jikoni, amehuzunika, mikono mapajani. Nikamuuliza ana nini.

"Mwanangu, leo siku gani?"

Nikamwambia.

"Huku kwenu siku hazina sura," alisema. "Zinafanana zote."

Kwetu Alhamisi huhitaji kuambiwa. Watoto wa chuo cha Kurani hawasomi, mtaa mzima una kelele zao. Ijumaa una adhana kutoka kila upande, nguo nyeupe na udi. Kensington, kutoka dirisha la jikoni, unaona ukuta, paa la jirani na mbwa wa jirani, na mbwa yule ana uso mmoja wiki nzima. Simu yake Mama ni ya vitufe, haimsomei adhana. Na siku ya Mama haiingii saa sita za usiku. Inaingia magharibi, jua likizama. Jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia, na usiku huo ndio usiku wa Ijumaa, ambao tangu Baba afariki Mama hajawahi kuupitisha bila kumsomea Yasini.

Basi nikasema Kuku atatangaza na siku. Nilifurahi mno na wazo lile, nilipiga mluzi nikiandika programu. Baada ya bei, Kuku ataandika jina la siku, na siku itabadilika magharibi, kama ya Mama. Tulibishana kidogo kuhusu magharibi ipi. Mama alitaka ya Tanga.

"Weka ya kwetu."

"Mama, jua unaloliona dirishani ni la Johannesburg."

"Jua ni moja."

Niliweka ya Johannesburg na sikumwambia. Wakati ule magharibi za miji miwili zilikuwa zinaingia karibu pamoja, asingejua. Alhamisi ile jioni, Kuku aliandika ALHAMISI, halafu bei, halafu IJUMAA. Mama alisimama hapohapo, akaenda kutia udhu, akafungua msahafu. Nilisikia sauti yake kutoka chumbani, ya chini, na mwenye nyumba alizima cherehani bila kuambiwa. Niliona nimeshinda.

Kesho yake jioni tukaingia gizani.

Ilikuwa Ijumaa, jua linazama, yaani saa ya ghali kuliko zote za wiki. Mwenye nyumba alikuwa na manguo ya kwaya ya kanisa lao, marundo ya kitambaa cha zambarau, yanatakiwa asubuhi kwenye harusi, na pasi yake ya kiwandani ilikuwa inasubiri kijani. Mama alikuwa amekoroga mkate wa mayai na anasubiri kijani. Mimi nilikuwa nasubiri kijani nikaoge. Jua likazama nyuma ya paa la jirani. Kuku akawaka kijani kibichi: NAFUU.

Hakuna aliyeuliza. Mwenye nyumba akachomeka pasi, na akawasha hita miguuni. Mama akawasha oveni. Mimi nikawasha gysa na kuingia bafuni nikiimba. Kila mtu alikuwa na furaha ya mtu anayepata kitu kwa bei ya chini. Umeme wote tulionunua kwa ajili ya mwisho wa wiki ulikwisha kabla sabuni haijatoka kichwani.

Nilitoka na taulo. Taa za mtaani zilikuwa zinawaka. Robot ya pale kona, taa ya kuongozea magari, ilikuwa inawaka, nyekundu, kijani, bila wasiwasi. Jirani alikuwa anaangalia mpira. Ni sisi tu.

"Mwana," sauti ya mwenye nyumba ilitoka gizani, taratibu kabisa. "Ile kuku yako imetudanganya. Manguo ya Mungu iko nusu-nusu. Upande moja iko sawa, upande ingine iko kama imetafunwa na ngombe."

"Itakuwa mita," nikasema.

"Hapana mita. Kuku."

Nikanunua umeme kwa simu, povu likinishuka machoni, nikaingiza namba kwenye mita kwa tochi. Taa zikarudi. Kitu cha kwanza jikoni kuongea kilikuwa Kuku, akawaka na kuzima kwa ujasiri wote: FRANGO. FRANGO. FRANGO.

"Frango njo wewe," mwenye nyumba akaniambia.

Halafu Kuku akapata intaneti, akaandika NAFUU, akaandika JUMAMOSI. Nikasema Jumamosi ya wapi, leo Ijumaa. Mwenye nyumba akasema kabisa, leo ni siku ya tano, ndivyo kwao wanavyoiita Ijumaa, kesho njo harusi. Mama, aliyekuwa anautazama mkate wake uliolala katikati kama godoro la zamani, akasema hapana, Jumamosi imeshaingia, jua si limezama. Tulikuwa watu watatu na majina matatu ya siku kwenye jiko moja.

Hapo nikaelewa. Sikuwa nimembadilishia Kuku jina la siku tu. Nilikuwa nimembadilishia siku yenyewe. Bei aliitafuta kwa siku ileile ya Mama, na kwake Ijumaa jua likizama ni Jumamosi, na Jumamosi ni nafuu. Hakuwa amekosea hata kidogo. Alikuwa ameamini, kama alivyofundishwa, kwamba jiji la Johannesburg nalo linahesabu siku kama mama yangu.

Nilikaa nikarekebisha palepale, kwa hasira, nywele zikiwa na sabuni. Nikairudisha siku ibadilike saa sita za usiku, kama ya watu wa mita. Mwenye nyumba aliazima pasi ya mkaa kwa Mkongo mwenzake na kwaya ikaimba imenyooka. Nikamwambia Mama nimemtengeneza Kuku. Sikumwambia nimemtengeneza vipi, kwa sababu sikufikiri.

Alhamisi iliyofuata nilichelewa kazini, duka moja la Sandton mashine zao zote zilikataa kutoa risiti. Niliporudi Mama alikuwa amelala. Ijumaa mchana nikaja nyumbani kuchukua kanzu niende msikitini, na Mama akaniona nayo mkononi.

"Unakwenda wapi na kanzu?"

"Ijumaa, Mama."

Aliutazama ubao. Akanitazama mimi.

"Jana jioni nilikaa hapa nikimngoja," alisema. "Jua limezama, Kuku anasema Alhamisi. Giza limeingia, Kuku anasema Alhamisi. Nikasema basi nimechanganya, leo itakuwa Jumatano na yeye ametangulia tangu asubuhi, maana si mtu wa kuaminika. Nikalala."

Kisha akasema, "Baba yako jana hakusomewa."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alikwenda chumbani akasoma Yasini yake mchana ule, mlango umefungwa, na mimi nilisimama na kanzu mkononi nikajiona mtoto aliyevunja kitu kisicho chake. Sikuwepo kwa maziko ya Baba, na sasa nilikuwa nimemnyima hata ule usiku wake mmoja wa wiki kwa sababu ya pasi. Jioni Mama aliniuliza kama tikiti inaweza kuwahishwa. Nikamwambia nitaulizia. Aliingia kukunja nguo, na alizikunja zote, hata alizokuwa anavaa wiki ile.

Mwenye nyumba aliona sanduku limesimama koridoni, akaniuliza. Nilipomweleza alitoa pini zote mdomoni, moja baada ya nyingine, jambo ambalo huwa halifanyi akizungumza na mimi.

"Mwana. Ule mutu alikufa, halafu anakosa sala juu ya courant?" Courant ndio umeme, kwao. "Utengeneze ile kuku. Tengeneza muzuri. Mama mukubwa akienda, nani atanisomea bei?"

Bei sasa ilisomeka na mtu yeyote mwenye macho, lakini sikumkumbusha.

Kurekebisha kulikuwa rahisi mpaka nikajisikia vibaya. Nilikuwa nimeng'ang'ania kwamba kichwa kimoja kina siku moja. Nikampa Kuku mbili. Siku ya jiji, inayoingia saa sita za usiku, ya kutafutia bei. Siku ya Mama, inayoingia magharibi, ya kutangaza. Hazigusani wala hazisalimiani. Nilipomaliza nilimwita Mama. Ilikuwa Jumapili, jua linakaribia kuzama, na nilimwomba akae tu kwenye kiti chake. Kuku akasema NAFUU, akasema JUMAPILI. Tukangoja. Jua lilipozama akasema NAFUU tena, kwa sababu jiji lilikuwa bado Jumapili, halafu akasema JUMATATU, kwa sababu Mama alikuwa ameshavuka.

"Sasa ana adabu," Mama alisema.

Sanduku lilirudi chini ya kitanda, na tikiti nikaambiwa niiache ilipo, siku yake ileile.

Aliyefaidi kuliko wote alikuwa mwenye nyumba. Jumamosi jua likizama Kuku alitangaza JUMAPILI, na yeye akavua tepu ya kupimia shingoni. Wateja waligonga geti kufuata magauni yao akawaambia hapana, siku ya Mungu imeingia, waangalie wenyewe. Mteja mmoja alimwambia leo ni Jumamosi. Akamjibu aongee na kuku. Ungefikiri basi Jumapili jioni, ubao ukisema JUMATATU, angerudi kwenye cherehani, lakini hapo alikuwa Mkristo wa saa sita za usiku. Siku yake ya Mungu ikawa ndefu kuliko ya mtu yeyote Kensington. Mama alimuunga mkono, akasema ibada haina hasara, na Jumamosi jioni wakawa wanakaa wawili kwenye oveni iliyo wazi wakiota moto wa mkate, kila mmoja akimfundisha mwenzake kuongea Kiswahili vizuri.

Baridi ikaanza kulegea. Upepo wa vumbi ukaja, mti wa jirani ukatoa maua kabla ya majani, na siku ya tikiti ikasogea. Sikumuuliza Mama. Niliogopa jibu. Nilijishughulisha na Kuku, nikapunguza mwanga wake usiku, nikaongeza mwanga wake mchana, nikapanda kiti bila sababu.

Alhamisi moja jioni tulikuwa jikoni wote watatu. Mwenye nyumba alikuwa anakunja vitambaa, mimi nakata vitunguu, Mama amekaa na simu yake ya vitufe, sauti imefunguliwa. Dada yangu alikuwa amepiga kutoka Tanga. Aliuliza habari za miguu ya Mama, akauliza atakuja na blanketi zile au ataziacha. Halafu nyuma yake tukasikia adhana, kwanza msikiti mmoja, halafu wa pili ukaudakia. Magharibi za miji miwili zilikuwa zimeshaachana.

"Mama, magharibi hiyo," dada akasema. "Usiku wa Ijumaa umeingia. Nenda kamsomee Baba."

Saa ya mkononi ya Mama ilikuwa pale, inakubaliana na adhana ile kabisa. Hakuiangalia. Aliangalia dirishani, jua lilikuwa bado linagusa paa la jirani. Akamwangalia Kuku. Nyekundu: GHALI. Halafu: ALHAMISI.

"Nyie salini," alimwambia dada. "Huku kwetu bado."

Mimi niliendelea kukata vitunguu, na nilishukuru kwamba ni vitunguu.

Mwenye nyumba aliweka vitambaa chini. Akanyanyuka, akanipita, akaenda ukutani kwenye swichi ya gysa, akaiwasha, Mama apate maji ya moto ya kutia udhu. Nikamwambia, "Maman, ni ghali."

"Minaona," alisema, akarudi kukaa.